Anti wa Kazini: Nimemfundisha kazi, sasa ndo bosi wangu

Wasomaji wangu, mwezi huu barua za mafao na likizo nimeziweka pembeni, zitajibiwa toleo lijalo. Kuna nne zimekuja zote zinaongelea kitu kimoja, kubaguliwa kazini, na kila aliyeandika alianza kwa kuomba radhi kana kwamba yeye ndo kakosea. Nimekaa miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, mingi kati ya hiyo nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, haya mambo nimeyasikia sana na bado sijayazoea.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mdada wa miaka 34, nafanya kazi kampuni moja ya usambazaji iko barabara ya Nyerere, huu mwaka wa saba, nipo upande wa stoo na oda. Wenye kampuni ni wageni na mameneja karibu wote wanaletwa kutoka kwao. Mwaka juzi niliambiwa nimfundishe kijana mmoja, nikamfundisha mfumo wa stoo, kupokea kontena, kuongea na mawakala wa forodha, miezi minne nipo naye bega kwa bega, mwisho wa siku akawa supavaiza wangu. Nikanyamaza. Mwaka huu kaletwa mwingine, stori ileile, na huyu nimesikia anachukua karibu mara tano ya mshahara wangu. Nikaandika barua kuomba ile nafasi mwenyewe, meneja akaniita akanijibu mbele za watu, "nyie weusi mkiachiwa stoo mnaiba", afu akamalizia we ni mwanamke una mkono mzuri wa kupanga kaa hapohapo ulipo. Kwenye vikao mimi ndo natumwa chai wakati wanaume wa cheo changu wamekaa. HR ni Mtanzania mwenzangu, nilipomwambia akasema vumilia mdogo wangu huko nje ajira hakuna. Nina watoto wawili na mama yangu ananitegemea. Nikisema nitafukuzwa, nisiposema nakufa ndani kwa ndani. Nifanyeje? Mama Wawili, Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na pale pa chai nimesimama kila mara, maana hata mimi nimeshawahi kutumwa chai kwenye kikao nilichokuwa natakiwa kuandika muhtasari, nikaenda, nikarudi, nikakuta kile nilichotaka kukisemea kimeshaamuliwa. Ndo maana chai sio kitu kidogo, anayenyanyuka kwenda jikoni anakosa neno lake mezani.

Tuanze kwa kuliita jambo kwa jina lake. Hicho ulichofanyiwa ni ubaguzi, na ni wa aina mbili kwa pamoja, rangi yako imeitwa wizi na jinsia yako imeitwa mkono wa kupanga, kwa pumzi moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua moja kwa moja au kwa kuzunguka, na imetaja sababu zenyewe: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, asili, dini, siasa, jinsi na jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri, na nyingine. Kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo, iwe moja au kadhaa kwa mkupuo, nako kunahesabika ni ubaguzi. Kwa hiyo yale maneno ya meneja hata kama usingekuwa umeomba cheo bado yangekuwa kosa.

Sasa sikiliza hiki maana ndo watu wengi hawakijui na ndo kinawafanya wanyamaze. Wengi wanadhani lazima wathibitishe kilichokuwa moyoni mwa bosi, nani ataingia moyoni mwa mtu? Sheria haikutaki ufanye hivyo. Wewe unaleta mambo yanayoonyesha kwa kuyatazama tu kwamba kuna ubaguzi hapa, mfano miaka yako saba, barua yako ya maombi, watu wawili uliowafundisha wewe wakapandishwa wao, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, ukishafika hapo mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo athibitishe kwamba hakubagua au kwamba alikuwa na sababu inayokubalika kisheria. Akisema yule kijana anajua zaidi, aonyeshe anajua nini ambacho hakujifunza kwako.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuandika, leo usiku watoto wakilala, sio wikiendi. Chukua daftari la shule la kawaida, andika tarehe ile uliyoitwa, saa ngapi, ofisi gani, nani alikuwepo, maneno yalivyotoka yenyewe usiyapambe wala usiyapunguze. Mwaka juzi ulipoanza kumfundisha yule wa kwanza, lini alianza, lini akapewa cheo. Vikao vya chai, tarehe unazokumbuka. Meseji za WhatsApp za kazini zipige skrinshoti uzitume kwenye imeili yako binafsi na sio ya ofisi, maana ya ofisi siku wakiifunga umebaki mikono mitupu. Kopi ya barua yako ya kuomba nafasi unayo? Kama huna, iandike upya ukirejea ile ya kwanza kwa tarehe, ipeleke, wagonge muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Muhuri huo utunze kama kitambulisho cha taifa.

Kuhusu mshahara wa yule kijana, usimtume mwenzako wa mishahara akuibie karatasi, utamtia matatani na wewe utaonekana ndo mkosaji. Hoja yako inasimama bila hiyo karatasi. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 23 inasema kila mtu anayo haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote, na nchi yetu mwaka 2002 iliridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani namba 100 wa malipo sawa na namba 111 wa ubaguzi kazini. Wewe linganisha kazi na kazi, andika pembeni majukumu yako ya siku na pembeni ya kwake, shauri likifika mbele mwajiri ndo ataambiwa alete mishahara mezani.

Na hapa kuna kitu cha pembeni lakini kwako wewe ni kikubwa. Mgeni kufanya kazi Tanzania sio kosa, na kuna wageni wamekuja na utaalamu tuliokuwa hatuna wakauacha hapa, nimefanya nao kazi na nawaheshimu. Ila kuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha kazi kinatolewa kwa sababu ujuzi huo haupatikani hapa kirahisi, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa urithishaji, yaani mgeni amfundishe Mtanzania ili siku moja achukue nafasi. Sasa kwenu mambo yamegeuka kichwa chini, Mtanzania ndo anamfundisha mgeni ambaye kaletwa kama mtaalamu. Hilo ni la ofisi ya Kamishna wa Kazi, afisa kazi ana mamlaka ya kuingia kazini kukagua vibali na huo mpango, na sio lazima jina lako litangulie. Tena mwajiri anatakiwa asajili kwa Kamishna mpango wake wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini. Kwenye malalamiko yako uliza tu kwa upole, naomba kufahamu mpango wetu wa fursa sawa unasemaje, uone nani ataanza kutafuta mafaili.

Baada ya daftari, andika malalamiko rasmi. Mafupi, ukurasa mmoja unatosha, bila matusi, bila kutaja taifa la mtu kwa kejeli maana na wewe utaingia kwenye shimo lilelile. Sema tarehe fulani niliomba nafasi fulani, tarehe fulani meneja alinijibu kwa maneno haya mbele ya hawa, naona nimebaguliwa kwa rangi na jinsia kinyume cha kifungu cha 7, naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Mpelekee yule HR. Huyo dada mimi simlaumu sana, naye anaogopa mkate wake, lakini alipokwambia vumilia alikuwa anaongea kwa mdomo, ukimpa karatasi itabidi aongee kwa karatasi na karatasi inabaki.

Siku zihesabu. Malalamiko ya ubaguzi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 60 tangu jambo litokee. Siku 60 sio nyingi, ukisubiri HR akujibu, ukasubiri meneja arudi safari, ukasubiri sikukuu ipite, zimeisha. Zikiisha unaweza kuomba kuongezewa muda lakini itabidi ueleze kila siku uliyochelewa na sababu yake, ni kujitafutia mlima wa pili. Fomu inaitwa CMA F1, unajaza, kopi unampelekea mwajiri anapokea kwa saini, afu unaiwasilisha pamoja na ushahidi kwamba alipokea. Hulipii. Unaweza kwenda mwenyewe, na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu uliyemchagua akusemee. Kwanza mnakaa kwa msuluhishi, muda wake ni siku 30, mkishindwa kuelewana ndo linaendelea mbele kwenye uamuzi. Siku ya shauri toka Mbagala alfajiri, foleni ya Kilwa Road isikuponze, maana usipotokea linaweza kufutwa. Na yeye asipotokea msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye.

Kufukuzwa. Sitakudanganya kwamba haiwezekani, wapo waliofukuzwa na nimelia nao. Ila ujue kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria ni sababu isiyokubalika, imeandikwa, na hiyo karatasi yako yenye muhuri ndo itakayoonyesha malalamiko yalitangulia na barua ya kuachishwa ikafuata. Aliyenyamaza miaka saba akifukuzwa hana hata hiyo. Kama hapo kazini kuna tawi la TUICO au chama kingine jiunge kesho, kama hamna zungumza na wenzako wawili watatu unaowaamini, hasa wale waliosikia. Babu yangu alikuwa kuli bandarini hapahapa, wakati huo serikali ya mkoloni ilikuwa na ngazi za mishahara kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kazi ileile. Septemba 1947 makuli wakagoma, mgomo ukatoka bandarini ukaingia mjini na ukaenda mpaka bara. Alikuwa akitusimulia anasema siku ya kwanza walikuwa wanatazamana tu nani atasema. Nakuandikia hivi kwa sababu najua na wewe kesho asubuhi mtatazamana.

SWALI: Anti za leo. Nipo hoteli moja ya ufukweni, mapokezi, mikataba yetu ya mwaka mmoja mmoja na mimi nimeshaongezewa mara tatu. Mwezi wa tano niliwaambia nina mimba. Kuanzia hapo nikatolewa mapokezi nikapelekwa ofisi ya nyuma eti wageni hawapendi kuona tumbo, na wiki mbili zilizopita mkataba umeisha nikaambiwa hautaongezwa, wenzangu wote wa kundi letu wameongezewa. Je, kwa kuwa mkataba umeisha wenyewe ndo basi tena? Mjamzito, Kigamboni.

JIBU: Wewe nilikutumia meseji siku ileile maana gazeti lingechelewa, narudia hapa kwa ajili ya wengine walio kwenye hali kama yako.

Sio basi. Sheria inasema mkataba wa muda maalum usipoongezwa wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa, hiyo inahesabika ni kuachishwa kazi. Umeongezewa mara tatu, wenzako wote wameongezewa, umebaki wewe mwenye tumbo, matarajio yako yana msingi kabisa. Na kuachisha kwa sababu ya ujauzito hakukubaliki. Lakini kwako hesabu ya siku ni fupi kuliko ya Mama Wawili, shauri la kuachishwa kazi ni siku 30, na wakati unaniandikia ulikuwa umeshatumia kumi na nne. Ulipo sasa uwe umeshajaza F1.

Lile la wageni hawapendi kuona tumbo limeniuma. Wageni gani hao, wameandika wapi? Omba uhamisho wako wa ofisi ya nyuma upewe kwa maandishi na sababu yake, wengi wakiambiwa waandike sababu ya namna hiyo mkono unagoma. Kina dada wengine mlio na mimba mkae mkijua likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, toa taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio na cheti cha daktari, ukirudi kazini una saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na mwenza wako ana angalau siku 3. Hizo sio fadhila za bosi. Kama wakili huna nenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wanasaidia wasio na uwezo.

SWALI: Habari Anti. Mimi ni kijana wa Kihindi kwa asili, nimezaliwa Upanga, baba yangu kazaliwa Upanga, mababu walikuja kabla ya uhuru na pasipoti yangu ni ya Tanzania tu sina nyingine. Ofisini wananiita ponjoro, nimezoea. Kisichozoeleka ni kwamba mafunzo ya nje nanyimwa mara ya tatu, supavaiza anasema tunawapa wananchi, nyie mna hela za kwenu. Naona aibu kulalamika kwa sababu najua watu watasema Wahindi ndo wanabagua. Upanga.

JIBU: Nashukuru umeandika. Aibu hiyo iondoe, kama kuna Mhindi alimbagua mtu Kariakoo deni lake hulipi wewe. Asili, rangi, mahali mtu alikotoka, vyote vimo kwenye kifungu cha 7 na havikuandikwa kwa ajili ya weusi peke yetu. Sheria inaruhusu kupendelea raia kwenye ajira, sawa, lakini wewe ni raia, kwa hiyo hiyo hoja ya supavaiza imekufa yenyewe, mwombe aiandike.

Hili jambo nchi yetu ilishalijadili zamani sana. Oktoba 1961, uhuru bado miezi miwili, bungeni wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu, Nyerere akasimama akakataa kwa ukali mpaka akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Na Amir Jamal, mtu mwenye asili kama yako, alikuwa waziri wake wa fedha kwa vipindi zaidi ya kimoja. Kwa hiyo supavaiza wako amechelewa miaka mingi. Mara tatu ulizonyimwa ziandike kwa tarehe, nani alipewa na sifa zake, siku 60 zihesabu kuanzia hii ya mwisho. Na hilo ponjoro usiseme umezoea. Sema mara moja mbele ya watu kwa sauti ya kawaida kwamba hulipendi na jina lako ni fulani, ukimaliza kaandike tarehe uliyosema.

SWALI: Anti naandika haraka. Nipo fildi, mwaka wa tatu chuo, anayenisimamia kaniambia ripoti yangu hatasaini mpaka nikubali kutoka naye wikiendi. Meseji ninazo. Bado wiki tatu fildi iishe. Naogopa kufeli.

JIBU: Mwanangu usiende popote wikiendi. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na wanaoshughulika nayo ni TAKUKURU. Piga 113, ni bure, au nenda ofisini kwao wilaya yoyote na simu yako yenye hizo meseji. Usizifute hata ukizionea kinyaa, usimjibu kwa hasira, na usiziposti mtandaoni kwanza maana atajua na atajipanga.

Leo hiihii mwandikie mwalimu anayeratibu fildi chuoni, umwombe akubadilishie msimamizi au kituo, mwambie sababu. Kama yeye ni mwanaume na unaona vigumu, nenda kwa dawati la jinsia la chuo au mwalimu wa kike yeyote unayemwamini. Ripoti inaweza kusainiwa na mtu mwingine wa ofisi hiyohiyo, nimeona ikifanyika. Nijibu ukishapiga simu, hata kwa neno moja tu, nipo macho mpaka saa sita.